Saratani ya ulimi, kidonda kipya cha ufizi na doa kwenye pafu: je, tuuze ploti tupime jeni?

Swali: "Habari daktari. Naandika kwa niaba ya baba yetu, ana miaka 64, tunaishi Kayole. Miaka mitatu iliyopita alikatwa saratani ya ulimi upande wa kushoto, kisha akachomwa kwa mionzi wiki sita. Alipata nafuu, akarudi kwa shughuli zake. Mwezi uliopita alitokwa na kidonda kwenye ufizi wa chini upande wa kulia. Kinyama kilipimwa, jibu likarudi ni saratani tena, aina ile ile ya skwamasi, yaani ya seli bapa zinazofunika mdomo. Skani ya CT nayo imeonyesha doa dogo kwenye pafu. Daktari mmoja anasema hii ni saratani mpya kabisa, mwingine anasema huenda ni ile ya kwanza imesambaa. Baba mdogo anasema kisu ndicho kiliisambaza. Sasa tumeambiwa kuna kipimo cha kusoma jeni za uvimbe, sampuli inapelekwa ng'ambo, kinachoonyesha kama zote zina asili moja. Bei yake ni ya kuuza ploti. Je, tuuze? Na kama ni mambo ya jeni, mimi kifungua mimba na wadogo zangu watatu tupimwe? Mwisho, mzee alivuta sigara miaka mingi na sasa anatumia ugoro. Ndugu yangu anasema kuacha sasa hakutabadilisha kitu."

Jibu:

Pole sana, dada yangu. Kusikia neno saratani mara ya pili, baada ya familia kuanza kupumua, kunachosha mwili na moyo. Nitaanza na lile linalowakosesha usingizi: msiuze ploti wiki hii. Kipimo hicho ni cha kweli, si ulaghai, na yako mazingira ambamo ningekipigania mimi mwenyewe. Lakini kwa kidonda cha ufizi, jibu lake halitabadilisha matibabu ya mzee. Kwa doa la pafu linaweza kubadilisha mambo sana, ila bado hamjafika hatua ya kukihitaji, kwa sababu hamjajua doa hilo ni nini.

Madaktari wenu wawili hawajachanganyikiwa. Swali wanalojiuliza ni gumu kweli, na kwa darubini pekee mara nyingi halijibiki.

Kwanza nilitoe hili la kisu, maana najua linavyoweza kugawanya familia. Upasuaji wa ulimi haukupanda saratani kwenye ufizi wa upande wa pili. Uvimbe ukirudi kwa sababu kuna seli zilizobaki, kwa kawaida hurudi palepale au karibu na kovu, au kwenye tezi za shingo. Wala mionzi si ya kulaumiwa kwa kidonda hiki: saratani zinazosababishwa na mionzi huchukua miaka mingi kujitokeza, mara nyingi kumi au zaidi, si mitatu. Mwambie baba mdogo kwa heshima kwamba uamuzi wa kumkata mzee wakati ule ndio uliompa miaka hii mitatu.

Kilichotokea kina uwezekano mkubwa wa kuwa kilianza kitambo kabla ya upasuaji. Moshi wa sigara, ugoro na pombe havigusi nukta moja tu ya mdomo. Vinapita kila mahali: ulimi, fizi, mashavu, koo, umio, na moshi hufika hadi mapafuni. Mwaka 1953 daktari Danely Slaughter na wenzake huko Chicago walichunguza wagonjwa 783 wa saratani ya mdomo. Walikuta kwamba ngozi laini inayozunguka uvimbe, ambayo kwa macho ilionekana nzima, ilikuwa imeshaharibika ikitazamwa kwa darubini. Takriban wagonjwa 11 katika kila 100 walikuwa na saratani zaidi ya moja. Ilichukua miongo kadhaa hadi wataalamu wa jeni waeleze sababu. Seli moja hupata dosari, inazaana kuliko jirani zake, na kizazi chake kinatanda polepole hadi kufunika sentimita kadhaa za ngozi ya mdomo bila maumivu wala uvimbe. Daktari wa upasuaji anaondoa uvimbe na ukingo wake, lakini hawezi kukata mdomo wote. Ngozi ile iliyobaki inaendelea kubeba dosari, na baada ya miaka sehemu yake nyingine inaweza kugeuka saratani. Ndiyo sababu mtu aliyewahi kuugua saratani ya kichwa na shingo hubaki na hatari ya kupata nyingine mpya. Makadirio yanayotajwa sana ni watu 3 hadi 7 kwa kila 100 kwa mwaka.

Sasa, daktari anatofautishaje saratani mpya na ile ya zamani iliyosambaa? Hadi leo kliniki nyingi, na si za Kenya tu, zinatumia vigezo vilivyotokana na kazi ya watafiti Warren na Gates ya mwaka 1932: kila uvimbe uthibitishwe kuwa saratani, vivimbe viwe vimetengana, na isiwe kwamba mmoja ni tawi la mwingine. Kwa mdomo tumeongeza vipimo vya rula na kalenda. Ikiwa kati ya vivimbe kuna zaidi ya sentimita 2 za ngozi nzima, au kama uvimbe umerudi mahali palepale baada ya miaka mitatu (wengine husema mitano), tunauita mpya. Kwa kigezo hicho kidonda cha ufizi cha mzee, kilicho upande mwingine wa mdomo, kinahesabiwa kuwa saratani mpya, na hapo ninakubaliana na daktari wenu wa kwanza. Shida inakuja kwenye pafu. Saratani ya skwamasi iliyoanzia pafuni na ile iliyotoka ulimini ikatua pafuni zinaweza kufanana kabisa chini ya darubini. Mimi kazi yangu ni kuzitazama seli hizi kila siku, na nakwambia sura yake haitoshi.

Hapo ndipo jeni zinapoingia. Karibu kila seli ya mwili ina DNA, yaani maandishi ya urithi ambayo jeni ni vipande vyake, yenye herufi kama bilioni 3. Seli inapogawanyika inanakili herufi hizo zote, na makosa hutokea, hasa kwenye seli zinazolowa sumu ya tumbaku kila siku. Mengi ya makosa hayo hayana madhara, lakini hayafutiki. Kila seli inayozaliwa baadaye inayarithi na kuongeza yake. Mwalimu akisahihisha karatasi za mtihani na kukuta wanafunzi wawili wamekosea maswali yaleyale kwa maneno yaleyale, hahitaji shahidi: anajua walinakili kutoka chanzo kimoja. Wakiwa wamekosea kila mmoja kivyake, anajua walifanya kazi mbali mbali. Kipimo mlichoambiwa kinafanya hivyo hivyo kwa vivimbe. Kinasoma DNA ya uvimbe wa kwanza, ya uvimbe wa pili, na ya damu ya mgonjwa ili kujua alichozaliwa nacho, kisha kinalinganisha makosa.

Jeni inayotazamwa kwanza huwa TP53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli yenye dosari isiendelee kuzaana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, uliosoma vivimbe 279 vya kichwa na shingo, ulikuta jeni hii imeharibika katika zaidi ya vivimbe 8 kwa kila 10 visivyotokana na virusi vya HPV. Nyingine ni CDKN2A, NOTCH1, FAT1, PIK3CA na CASP8. Maabara nyingine husoma jeni chache hizo tu, nyingine husoma sehemu zote za DNA zinazotengeneza protini, ambazo ni kama asilimia 1 hadi 2 ya herufi zote.

Majibu yanayoweza kurudi ni matatu, na wengi huambiwa mawili tu. La kwanza, vivimbe havishiriki kosa lolote: hizo ni saratani mbili zilizoanza kila moja peke yake. La pili, vinashiriki makosa mengi, yale ya mwanzo na ya baadaye: hiyo ni saratani moja, imerudi au imesambaa. La tatu, ambalo hukutwa mdomoni na huwakanganya hata madaktari, vinashiriki makosa machache ya mwanzo kisha kila kimoja kina yake mengi. Hapo vivimbe vimetoka kwenye ngozi ileile iliyoharibika zamani, lakini viligeuka saratani kwa nyakati tofauti. Si saratani iliyosambaa, na si mpya kabisa pia. Ukimkuta mtu anayekuahidi kwamba kipimo kitajibu "ndiyo" au "hapana" tu, muulize kuhusu jibu hili la tatu.

Kipimo kina mitego yake. Kuna sehemu za TP53 ambazo hukosewa mara nyingi sana kwa watu wengi, kwa mfano zile za namba 175, 248 na 273. Vivimbe viwili visivyohusiana vinaweza kukosea hapo kwa bahati tu, kwa hiyo kosa moja linalofanana halithibitishi undugu. Yanahitajika kadhaa, na yawe adimu. Mtego mkubwa zaidi kwetu ni ubora wa sampuli. Kinyama cha ulimi cha mzee kilihifadhiwa kwenye fomalini, kisha kikawekwa ndani ya kibonge cha nta tunachokiita bloku. Fomalini hukatakata DNA na hata kubadilisha baadhi ya herufi, na kinyama kikikaa humo siku nyingi kabla ya kushughulikiwa, au fomalini ikiwa haikuchanganywa vizuri, kipimo kinaweza kusoma makosa ambayo hayakuwa kwenye mwili wa mzee. Pia kipande cha pafu kinachotolewa kwa sindano huwa kidogo mno. Kikiwa na seli chache za saratani, maabara itarudisha jibu la "haikutosha", na pesa kwa kawaida hairudi nayo. Nawaomba mwulize kuhusu hilo kabla ya kulipa chochote.

Turudi kwa ufizi. Tuseme mmepima, na jibu likawa lolote kati ya yale matatu. Daktari wa upasuaji bado atataka kuukata uvimbe na sehemu ya taya iliyoguswa, kama skani inaonyesha unakatika. Bado ataangalia tezi za shingo. Daktari wa mionzi bado ataanza kwa kuuliza upande huo ulipata mionzi kiasi gani mara ya kwanza, kwa sababu taya haiwezi kuchomwa dozi kamili mara mbili bila hatari. Hakuna hata uamuzi mmoja kati ya hayo unaosubiri jeni. Na kusubiri kuna gharama yake: sampuli kwenda na kurudi huchukua wiki kadhaa, na uvimbe wa ufizi hausubiri. Kama kuna tarehe ya upasuaji, ishikeni, isipokuwa madaktari waibadilishe kwa sababu ya pafu, kama nitakavyoeleza.

Na jambo hili hamkuuliza, lakini lazima niliseme kwa sababu nimeona madhara yake. Saratani ya ufizi hulegeza meno. Mzee akisikia jino linacheza, msimpeleke kung'olewa kwenye kliniki ya mtaani. Taya lililopigwa mionzi haliponi kama taya jingine; baada ya kung'oa, mfupa unaweza kufa na kuoza. Jino lolote liguswe na timu inayojua ramani ya mionzi yake tu.

Pafu ndilo ninalotaka mlielekezee nguvu. Doa kwenye pafu la Mkenya wa miaka 64 si lazima liwe saratani hata kidogo. Linaweza kuwa kovu la TB ya zamani, au TB inayoendelea sasa, na wagonjwa wa saratani waliodhoofika huipata kwa urahisi. Skani ya PET, inayoonyesha sehemu za mwili zinazotumia sukari nyingi, na ambayo kwa Nairobi inapatikana KUTRRH (hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta) na Aga Khan, inaweza kusaidia, lakini TB nayo huwaka kwenye skani hiyo kama saratani. Kwa hiyo ulizeni: je, makohozi yamepimwa? Je, kuna skani ya zamani ya kifua ya kulinganisha, labda ile ya kabla ya upasuaji wa kwanza? Doa ambalo halijabadilika kwa miaka mitatu ni habari njema. Kama ni jipya au limekua, ombeni lichukuliwe kinyama kwa sindano, ikiwa linafikika.

Kinyama hicho kikirudi kuwa skwamasi, basi swali la asili linakuwa na uzito. Saratani mpya ya pafu iliyo ndogo hutibiwa kwa nia ya kuiponya, kwa kukatwa au kwa mionzi iliyolengwa. Saratani ya mdomo iliyofika pafuni huhesabiwa kuwa hatua ya nne, na mara nyingi mazungumzo yanahamia kwenye kemo na dawa za kuongeza kinga. Hata hapo nisikudanganye kwamba mlango umefungwa: doa likiwa moja tu, wapo madaktari watakaolikata au kulichoma hata kama limetoka mdomoni. Lakini mpango mzima wa mzee, pamoja na kama inafaa kumpitisha kwenye upasuaji mkubwa wa taya, unategemea jibu hilo. Hapo ndipo ningesema kipimo cha jeni kina thamani ya kutafutiwa pesa.

Kabla ya kufika huko, ombeni kipimo cha rangi cha p53, yaani protini inayotengenezwa na jeni ya TP53, kwenye bloku zote. Hufanywa hapa hapa Nairobi kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Kikionyesha protini imejaa kwenye uvimbe mmoja na haipo kabisa kwenye mwingine, ni dalili nzuri kwamba havihusiani. Kikifanana, hakijathibitisha kitu, lakini mtakuwa mmetumia kidogo. Kipimo cha HPV kingesaidia kama saratani ya kwanza ingekuwa ya tonsili au shina la ulimi kule nyuma. Kama ya mzee ilikuwa ukingoni mwa ulimi, sioni faida yake.

Utauliza kwa nini sampuli iende ng'ambo wakati mashine za kusoma jeni zipo nchini. KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba) na ILRI (taasisi ya utafiti wa mifugo) zilizitumia kufuatilia virusi vya korona. Mashine ni sehemu tu ya kazi. Ripoti ambayo daktari atamtibia mtu inahitaji maabara iliyoidhinishwa kwa vipimo vya wagonjwa na mtaalamu wa kutafsiri makosa ya vivimbe. Hata hivyo ulizeni kwenye hospitali za mafunzo kama kuna utafiti unaoendelea ambao mzee anaweza kuingia bila malipo. Inatokea.

Kwa hiyo hatua yenu ya kwanza haina bei. Ombeni kesi ya mzee ipelekwe kwenye kikao cha pamoja cha madaktari wa saratani: wa upasuaji, wa mionzi, wa kemo, wa picha na wa patholojia. Hospitali kubwa kama Kenyatta huwa na vikao hivyo. Ulizeni swali moja mbele yao: "Jibu la kipimo hiki likiwa hivi au vile, mtafanya nini tofauti?" Wakikosa la kujibu, ploti ibaki. Wakijibu waziwazi, mtakuwa mnajua mnanunua nini. Wakati huohuo nendeni maabara iliyopima kinyama cha kwanza mkaulize kama bloku bado ipo. Huwa zinapotea maabara zikihama au zikifungwa. Mna haki ya kuiomba. Muichukue kwa kutia sahihi, na msiiweke mahali penye joto. Na kabla ya kupitisha harambee, mtu mmoja aende dawati la SHA, bima ya afya ya serikali, hospitalini aulize ni vipimo gani na matibabu gani yanalipiwa, ili pesa ya watu iende pale ambapo bima haifiki.

Kuhusu wewe na wadogo zako: hapana, hamhitaji kupimwa jeni. Makosa yanayotafutwa kwenye kipimo hiki yalitokea mdomoni mwa mzee akiwa mtu mzima. Hayako kwenye mbegu aliyowazaa nayo, na ndiyo maana damu yake inatumiwa kama kielelezo cha hali ya kawaida. Yapo magonjwa adimu ya kurithi yanayoleta saratani za mdomo, kama anemia ya Fanconi, lakini hayo huonekana kwa vijana, mara nyingi pamoja na upungufu wa damu tangu utotoni. Mtu wa miaka 64 aliyevuta sigara hatutafuti huko. Mnachoweza kurithi kwake ni mazoea. Kama kuna anayevuta au anayetafuna kuberi (tumbaku ya kutafuna) kati yenu, hapo ndipo pa kuanzia. Na yeyote mwenye kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki tatu, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, aende akatazamwe. Shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwenye barabara ya Argwings Kodhek huwapokea wagonjwa.

Ombeni pia umio wa mzee utazamwe kwa kamera. Saratani ya umio ni nyingi Kenya, na umio uliogelea katika sumu ileile ya tumbaku. Mara chache, lakini si haba, tunakuta ya tatu huko wakati wote tunatazama mdomo. Akianza kukwama chakula, msisubiri tarehe ya kliniki. Vilevile akitoka damu mdomoni isiyokoma, akikohoa damu, akishindwa kufungua mdomo, au pumzi ikiwa na sauti ya kukwaruza, mpelekeni kitengo cha dharura siku hiyohiyo, hata iwe usiku.

Ndugu yako amekosea kuhusu ugoro, ingawa naelewa anamwonea mzee huruma. Kuacha sasa kunabadilisha mambo mawili: kidonda cha upasuaji kitapona vizuri zaidi, na mionzi, kama itatumika, hufanya kazi vizuri zaidi kwa mtu asiyetumia tumbaku. Kuna pia ile ngozi ya mdomo iliyobaki na dosari. Kila siku bila tumbaku ni siku ambayo haiongezewi makosa mapya. Lakini mzee wa miaka 64 haachi kwa kukemewa. Muulizeni daktari kuhusu plasta ya nikotini ya kubandika kwenye ngozi, si ile ya kutafuna, maana ufizi wake hauiwezi. Na kama ndugu yako mwenyewe anatumia, aache pamoja naye, waanze siku moja.